Elfu kumi ya mama wa vitumbua

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Najua kuna wanaoona hii salamu ya kizamani lakini mi nimelelewa nayo na leo nina sababu ya kuanza nayo, mtaiona huko mbele.

Kuna dada wa jumuiya yetu kaniuliza juzi, "hivi mwenzangu unakuaje kiroho, mbona mi niko palepale tangu nipate kipaimara?" Nikacheka, maana kwanza kadhani mi nimekua. Jumuiya yetu hapa Mbagala tunasali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, nusu ya watu wanafika na usingizi machoni, tunaimba, neno, sadaka, chai kama mwenye nyumba kajaliwa, alafu kila mtu anakimbilia mihangaiko yake. Hakuna cha ajabu kinachotokea pale na nadhani ndo kinachomchosha dada yangu, anasubiri kitu kitokee. Sikumjibu vizuri siku ile, sasa nimekaa niandike.

Mi ni wakala wa pesa za simu, nina kibanda changu, watu wanakuja kuweka na kutoa siku nzima. Mwaka jana alikuja mama mmoja anauza vitumbua pale karibu, wote tunamwita Mama Vitumbua, anataka kuweka laki na nusu ya kikoba. Hela kaifunga kwenye ncha ya kanga, noti zinanukia mafuta. Kulikuwa na foleni, jua kali, kuna kaka nyuma anapiga kelele dada fanya haraka bana, nikahesabu haraka haraka nikamuwekea akaondoka. Jioni nafunga hesabu, floti (salio la kwenye simu) na keshi havilingani, kuna elfu kumi imezidi. Nikarudia kuhesabu mara tatu ndo nikaona noti mbili zilikuwa zimegandana kwa mafuta. Kwa hiyo sikuwa na haja ya kujiuliza ni ya nani.

Sasa wakala mwenzangu anayesoma hapa atanielewa, pesa ikipungua unalia, ikizidi unageuka mwanateolojia. Nilianza kumwambia Mungu, Baba si unakumbuka ile mara nilituma hela ya mteja kwa namba isiyo yake nikalipa mwenyewe, basi umenirudishia, asante. Na jamani msinicheke, nilitoa elfu moja kwenye ile hela nikaweka kwenye bahasha ya fungu la kumi. Kabisa. Jumapili nikapeleka mbele nimevaa kitenge kipya.

Shida ikaja kwenye vitumbua. Mi ni mteja wake wa kila asubuhi, nikinunua vinne ananiongeza kimoja, "nyongeza ya mwanangu". Siku ya kwanza nilikula ile nyongeza nikahisi imenikaa kooni. Siku ya pili nikasema leo sina njaa. Siku ya tatu nikaanza kupita njia ya nyuma, ile ya mtaro wa maji machafu, naruka na viatu mkononi ili nisikutane na mtu ambaye wala hajaniuliza kitu. Karibu wiki mbili hivo. Na nilikuwa nasali kama kawaida, tena kwa sauti.

Marehemu bibi yangu wa Bukoba alikuwa watu wa Uamsho. Kwa msiojua, huu ni uamsho ulioanzia pande za Rwanda na Uganda, watu wanaukumbuka kwa daktari Mwingereza Joe Church wa hospitali ya Gahini, Rwanda, aliyekutana na Simeoni Nsibambi pale Namirembe, Kampala, mwaka 1929, wawili hao wamechoka na ukristo wa jina, wakasoma Biblia na kuomba pamoja, na miaka ya 30 moto ukasambaa Rwanda, Uganda, Burundi, Kenya mpaka kwetu Kagera. Ile Bwana Yesu asifiwe tunayosalimiana leo mpaka kwenye daladala, hao ndugu ndo walioifanya iwe salamu ya kila siku. Lakini kilichowatambulisha zaidi kule kijijini kwetu haikuwa salamu, ilikuwa kutengeneza. Ukimkosea mtu, unamwendea, unataja ulichofanya kwa jina lake, unarudisha cha watu.

Bibi alitusimulia alivyovuka mpaka wa kibanja cha jirani akaokota kahawa kikapu kimoja, kabla hajaokoka. Baada ya kuokoka akajaza kikapu kahawa yake mwenyewe akampelekea jirani na kumwambia kila kitu. Sisi wajukuu tukadhani jirani alilia wakakumbatiana. Wapi, alimtukana mbele ya watu, akamwita mwizi na kikapu akakichukua! Bibi akarudi nyumbani anaimba. Na usiku kabla hatujalala hakuwa anatuuliza umesali, alikuwa anauliza "leo umetengeneza na nani?" Tulikuwa tunachoka kweli na hilo swali.

Nadhani watu tunaukosa ukuaji hapo, tunautafuta kwenye mambo makubwa. Sina ugomvi na mikesha, nakwenda. Ila chukua mtu kama Askofu Festo Kivengere wa Kigezi kule Uganda, naye mtoto wa huo huo Uamsho, aliwahi kufundisha shule hapa kwetu Dodoma. Mwaka 1977 Askofu Mkuu wa Waanglikana Uganda, Janani Luwum, aliuawa chini ya utawala wa Idi Amin, Kivengere akakimbia Uganda na mke wake usiku, na baadaye akasimama hadharani akasema amemsamehe Amin. Mi siamini mtu anaamka asubuhi moja tu akaweza hilo. Huyo alikuwa na miaka mingi ya kurudi kuomba msamaha nyumbani kwake, kwa mke, kwa wenzake, vitu vidogo ambavyo hakuna mtu anavipigia makofi.

Alafu kuna ule mstari watu wa Uamsho waliokuwa wanaupenda, 1 Yohana 1:7, wa kuenenda nuruni. Nimeusoma tangu sunday school lakini safari hii niliusoma nikiwa na elfu kumi ya watu kwenye droo. Unasema tukienenda nuruni twashirikiana sisi kwa sisi, ndo baadaye inakuja habari ya damu ya Yesu kutusafisha. Mi ningeandika kinyume, nisafishwe kwanza mimi na Mungu wangu chumbani kimyakimya, mambo ya Mama Vitumbua tutaona. Yohana anaanza na yule mwenzako. Gizani hamuonani, ndo maana nilikuwa naruka mtaro.

Basi nikaenda. Nilichagua jioni anaosha vyombo, nikamwambia mama shikamoo, siku ile uliniletea laki na sitini, nikaiona, nikanyamaza, hii hapa. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa kama bibi. Hakunitukana. Aliishika ile noti akaiangalia muda mrefu, akasema, "mwanangu, mimi nilimchapa mtoto."

Kumbe aliporudi nyumbani akahesabu akaona hela ya mauzo haitimii, na siku ile kijana wake wa kidato cha pili ndo aliyekuwa amekaa mezani kuuza. Alikataa, akachapwa kwa kukataa, na tangu hapo hakuruhusiwa kugusa hela.

Yaani nilikuwa nimekuja kulipa deni moja nikakuta limezaa. Nikamwomba mama anipeleke kwa yule kijana. Alikuwa nyuma ya nyumba anapiga pasi shati la shule, nikamwambia mbele ya mama yake ni mimi niliyekaa na ile hela, si wewe. Mama akamwambia nisamehe baba. Kijana akasema "sawa" akaendelea kupiga pasi. Sikuimba njiani mimi, nililia mpaka kibandani.

Kwa hiyo dada yangu, ukiniuliza nakuaje, sijui. Ninachofanya siku hizi ni hiki, nikishafunga hesabu za jioni nabaki na lile daftari dakika tano kabla sijazima taa, najiuliza swali la bibi, na kama kuna jina linakuja naliandika pembeni ya ukurasa. Siku nyingi ni vitu vya aibu tu, nimemjibu mteja vibaya, nimemnunia mume wangu kwa sababu ya chumvi. Kesho yake nakwenda, wengine wananishangaa kama vile nimechanganyikiwa. Kuna majina mawili yako humo tangu Januari sijayagusa, niombeeni.

Na njia ya mtaro siipiti tena, vitumbua nanunua kama zamani, nyongeza ilichukua miezi kurudi lakini imerudi. Kijana naye mama yake anamtuma tena kuweka hela. Alikuja Jumanne, akasalimia, akazitoa noti mfukoni, akazitenganisha moja moja kwa kidole na kuanza kuhesabu kwa sauti mbele yangu, alafu akarudia tena kuanzia mwanzo, foleni yote inasubiri. Mi nikatulia nikamwangalia mpaka akamaliza.