Sambusa za siku ya Kenneth

Jana mwanangu mdogo kanidaka jikoni: "Mama, Kenneth ni nani?" Alikuwa amenisikia nikicheka na dada kwenye simu. Nikamwambia ni upepo. Akaniangalia kwa jicho la kutoamini kabisa. Upepo gani una jina la mtu?

Shangazi mnamjua, sina haja ya kumweleza. Mwaka 2019 alikuwa anaoza binti yake. Ndoa ilikuwa Ijumaa ya tarehe 26 Aprili, sikukuu ya Muungano, na Mtwara ikishaingia Shaabani kila mwenye mchumba anakimbizana na Ramadhani. Alhamisi ikawa siku ya kukunja sambusa. Na Mamlaka ya Hali ya Hewa walikuwa wamesema kimbunga Kenneth kinakuja kusini Alhamisi hiyohiyo. Shule zikafungwa, ofisi zikafungwa, gari la matangazo likapita Magomeni likihimiza watu wa mabondeni na wa kando ya bahari wahame. Jirani yetu alipakia magodoro kwenye bajaji, watoto juu yake, akashika njia ya Naliendele. Shangazi akampungia kwa mkono uliojaa unga.

Wanaume wakakaa barazani kujadili kama shughuli iahirishwe. Shangazi akatoka mara moja tu. "Nyama nimeshaikausha. Mnataka niipeleke wapi?" Kikao kikaisha.

Tukajifungia chumba cha nyuma, wanawake watupu, mkekani. Manda, zile ngozi za kufungia sambusa, tulizichoma wenyewe asubuhi: vidonge vinasukumwa, vinapakwa mafuta na kunyunyiziwa unga, vinapandanishwa, vinasukumwa tena pamoja, vinapitishwa juu ya chuma cha chapati, kisha unazibandua moja moja zikiwa bado zinaunguza vidole. Katikati yetu kulikuwa na ungo wa manda, bakuli la gundi ya ngano, na sufuria la nyama iliyonukia giligilani na pilipili mbuzi.

Basi upepo ukaanza. Si mkubwa, ila uliingia dirishani ukapita moja kwa moja juu ya ungo. Mkoa mzima ulikuwa unauogopa upepo kwa sababu ya mapaa na minazi. Shangazi akaruka: "Fungeni hilo dirisha, manda zinakauka!" Manda ikikauka haikunjiki, inapasuka kwenye pembe. Tukafunga dirisha, tukafunika ungo kwa kanga mbichi, tukaendelea gizani nusu, jasho likitutoka.

Bibi, mama yake Shangazi, ndiye aliyekuwa mkaguzi. Mkono wake wa kushoto ulishika manda, wa kulia ukaikunja ikawa kama kifuko cha karanga, nyama kijiko kimoja, asiishindilie, kisha kidole cha shahada kikachota gundi na kupita ukingoni taratibu, hadi kwenye ncha. Ncha ndiyo aliyoibana mara mbili. Halafu akawasha tochi ya simu, akaishika sambusa mbele yake, akafumba jicho moja. Mwanga ukipenya kwenye pembe, anakurudishia. "Hii itakunywa mafuta yote ya mwenye shughuli." Alinirudishia mimi, akamrudishia bi harusi mwenyewe, ambaye hakutakiwa hata kuwepo pale, ana hina mbichi miguuni. Huko nje bati la mtu likawa linagonga, tunanyamaza, linatulia, tunabana pembe nyingine. Sijui kama ule ulikuwa ujasiri. Nadhani mikono ilikuwa na kazi tu.

Usiku zikaja habari: kimeshuka Msumbiji, Cabo Delgado. Chumba kizima kikapumua. "Alhamdulillah, kimetupita!" Mtu akapiga kigelegele.

Bibi hakuinua macho. "Kimetupita sisi akina nani?"

Bibi kwao ni Quissanga, hukohuko Cabo Delgado. Alivuka Ruvuma akiwa kigori, na mdogo wake alibaki kule na wanawe na wajukuu. Shangazi akachukua simu akapiga, haikuita. Akapiga nyingine. Bibi akachota gundi, akafunga sambusa aliyokuwa nayo, akaipitisha kwenye tochi, akaiweka kwenye sinia. Aliyepiga kigelegele akajifanya anatafuta kijiko.

Harusi ilikuwa nzuri, picha mmeziona. Kule Quissanga walipatikana baada ya siku kadhaa, watu salama, nyumba hakuna. Lakini hiyo Ijumaa tulikuwa bado hatujui, na Bibi alikaa na wazee wenzake, akala pilau, akanywa sharubati, sambusa hakugusa. Shangazi mpaka leo anasema ni meno tu, Bibi alikuwa hawezi vitu vikavu. Inawezekana. Ila Idi ya mwaka uleule nilikaa naye sahani moja, na alizitafuna zile za pembe ngumu, zilizoungua kidogo, akaomba nyingine.