Mikunjo isiyo ya sakafu

Leo nimeshinda nikitazama picha iliyochorwa kwa mwangwi wa sauti iliyotumwa chini baharini: sakafu ya bahari imejikunja kama bati la paa, mstari mzima wa upimaji, yaani njia nzima ambayo chombo cha majini kilipita kikipima. Tabaka la udongo lililo chini yake limejikunja vilevile, kunjo kwa kunjo. Hapo huhitaji kuuliza zaidi: sakafu haina kosa, chombo ndicho kilichokuwa kikipanda na kushuka.

Hesabu yake ni fupi. Sauti husafiri majini kwa mita 1,500 hivi kwa sekunde. Wimbi likinyanyua chanzo cha sauti na kipokezi kwa mita 1, safari ya sauti inaongezeka mita 2, na mwangwi unachelewa milisekunde 1.3. Anayetafuta tabaka la nusu mita chini kidogo ya sakafu ameshalipoteza.

Chombo kikienda mita 2 kwa sekunde na kukutana na wimbi kila baada ya sekunde 8, kila kunjo kwenye picha litakuwa na urefu wa mita 16. Matuta ya kweli ya mchanga nayo yanaweza kuwa na urefu huohuo. Ndipo kazi inapokuwa tamu, au chungu, kutegemea umelala saa ngapi.

Wengi hukimbilia kichujio: programu inafuata mwangwi wa sakafu, inatafuta wastani wa mapigo jirani (kila pigo ni sauti moja iliyotumwa pamoja na mwangwi wake), kisha inasogeza kila pigo juu au chini mpaka lilingane na wastani huo. Picha inanyooka papo hapo na kila mtu anafurahi. Mimi huiogopa picha hiyo. Programu haijui tuta ni nini, na kwa kuwa pigo zima husogezwa pamoja, tuta lililofutwa juu linahamia kwenye tabaka la chini lililokuwa limelala, tena likiwa limepinduka. Sakafu tambarare kupita kiasi juu ya tabaka lenye mikunjo hunitia shaka mara moja.

Afadhali kuanza na kihisi cha mwendo, kinachopima kupanda na kushuka kwa chombo, ingawa nacho hupima pale tu kilipofungwa. Kebo ya vipokezi inayoburutwa nyuma hupanda wimbi lake kwa wakati wake. Tena kihisi hukokotoa kimo kutokana na mchapuko (badiliko la kasi), kwa hiyo chombo kikigeuka huchukua muda kutulia. Ndiyo maana nahodha huombwa anyooke mapema kabla mstari haujaanza. Kichujio nakiachia mabaki tu.

Baada ya kusahihisha, kuna kipande ambacho sakafu bado inapanda na kushuka huku tabaka la chini limelala kimya. Nimekiacha kama kilivyo. Kesho nitaondoa kujaa na kupwa kwa maji, ambako kichujio hiki hakikugusi, kisha nilinganishe na mstari unaokata hapo. Vina vya sakafu vikipishana zaidi ya robo mita, narudia.