Minara miwili ya Kisiwa cha Michigan: kumbukumbu ya modeli, wiki ya 5 hadi ya 8

Kipimo ni 1:50 (sentimita 50 za kweli ni 1 ya modeli), kazi inafanyika karakana ya Pasua, Moshi. Kisiwa chenyewe kiko Ziwa Superior, upande wa Wisconsin, Marekani, ingawa kinaitwa Michigan. Kina minara miwili ya taa za kuongozea meli iliyosimama karibu karibu, na kutengeneza mmoja tu ni kuikata historia yake katikati. Wa mawe ulijengwa miaka ya 1856 na 1857 kwa makosa. Ulitakiwa usimame Long Island, kisiwa kingine cha ziwa hilohilo. Uliwaka msimu mmoja, ukazimwa, ukawashwa tena 1869. Wa chuma ni mtumba: ulisimama kwanza kwenye Mto Delaware, Pennsylvania, ukafunguliwa, ukaletwa kisiwani, na vipande vyake vikakaa chini karibu miaka 10 hadi vilipofungwa mwaka 1929.

Mnara wa mawe (futi 64, yaani sentimita 39 kwenye modeli) umemwagwa kwa jasi: kilo 1 kwa gramu 650 za maji, katikati bomba la PVC la kupitisha waya. Mwaga jasi juu ya maji, si maji juu ya jasi, la sivyo madonge hayaishi. Kwa unyevu wa masika uache siku 10 kabla ya chokaa. Ukiharakisha, rangi inabanduka kama ganda la yai.

Mnara wa chuma (futi 112, sentimita 68) ndio uliokula muda. Waya wa kufungia nondo haukushika lehemu kabisa, ukaachwa. Sasa nguzo ni waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5, mihimili ya kukingama ni wa 1.5. Kuunyoosha: bana ncha moja kwenye jiliwa, vuta nyingine kwa koleo mpaka uhisi waya umelegea kidogo na kurefuka, unatoka umenyooka na umekuwa mgumu. Pasi ya kulehemu ya wati 30 haitoshi, shaba inanyonya joto. Tumia ya wati 60. Kila kiungo kilichokwisha kufungiwe kitambaa kibichi, maana ukichomelea cha pili, cha kwanza kinaachia. Mnara umegawanywa sehemu nne zinazofungwa kwa skrubu. Wa kweli ulihama kwa sababu ulifungika na kufunguka, na modeli isiyofunguka ingeficha jambo hilo.

Lenzi nayo ilihama. Fresnel (lenzi ya taa yenye mifereji ya duara) ya daraja la tatu na nusu, yaani ukubwa wake, iliyokuwa mnara wa mawe ilipandishwa mnara mpya. Kipenyo chake cha ndani ni milimita 750, kwetu 15. Kipande cha pleksi (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) kinatobolewa milimita 5, kinapitishwa boliti ya M5, boliti inabanwa kwenye drili, kisha mifereji inachongwa kwa tupa ya pembetatu. Drili ikikimbia sana pleksi inayeyuka na kuwa nyeupe kama maziwa. Iendeshe polepole, dondoshea maji ya sabuni, malizia kwa dawa ya meno. Taa ya LED ya milimita 5 inaingia kwenye tundu lilelile. Umeme ni chaja ya simu ya volti 5, na rezista ya omu 120 ya kupunguza umeme unaofika kwenye LED.

Soketi za minara yote miwili zimefanywa sawa, ili lenzi ing'olewe huku na kupachikwa kule. Ya mnara mrefu bado inalegea nusu milimita. Wiki ya 9 itawekewa pete ya shaba.