Siku moja na Otenga: kuchora pigano la saa saba mchana

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ufukweni Dunga, Kisumu. Wavuvi wa omena waliokesha ziwani na taa zao wanarudi, na akina mama wamekwisha panga mabeseni. Mimi nimekuja kutafuta vivuli.

Katuni ninayochora ni mapigano tangu ukurasa wa kwanza. Otenga, mhusika wangu, si mtu wa kupendeza. Anaua mazimwi kwa malipo, anadai pesa kabla hajashika mkuki, na mjane aliyeshindwa kulipa amemwacha na zimwi lake mlangoni. Nampenda hivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo akijitia hatarini bure, hata mara moja, msomaji anashtuka kuliko akiona mambo kumi ya shujaa mwema.

Zimwi la toleo hili nimelirithisha siri ya Lwanda Magere, yule shujaa wa Wajaluo ambaye mkuki haukumwingia mwilini mpaka maadui walipojua kwamba nguvu zake zimo kivulini. Kwa hiyo Otenga halengi nyama, analenga kivuli, na kivuli kinategemea saa.

Jua linatokea upande wa Kano, vivuli vinaangukia ziwani. Mzee anayekunja nyavu ananiuliza nachora nini, nami namweleza.

“Sasa omera,” anasema, “asubuhi kivuli chake kiko majini. Atakichomaje, na maji yanacheza?”

Nimempa mkono wa asante. Maneno yake yamenipa kurasa mbili nzima: Otenga anarusha na kukosa, anarusha na kukosa.

Saa tatu niko mezani Kondele. Kitabu cha kurasa 24 ni karatasi sita zilizokunjwa na kupigwa pini katikati. Ukurasa wa 1 uko kulia, basi 2, 4, 6 na kuendelea ziko kushoto, na msomaji hazioni mpaka afunue. Zimwi lazima litokee hapo. Likikaa kulia, jicho limeshaliona kabla ya kumaliza upande wa kushoto, na hofu imekwisha. Hivyo ukurasa wa 7 unaishia kwa mbwa wanaorudi kinyumenyume. Funua: zimwi, fremu moja, ukurasa mzima, nayo hailitoshi.

Mapigo yenyewe mengi siyachori. Nachora mkono ulioinuliwa, kisha ukuta uliobomoka, na msomaji anajipigia pigo la katikati mwenyewe. Na Otenga anabaki kushoto, zimwi kulia, mpaka mmoja amzunguke mwenzake waziwazi. Katuni nyingi za mapigano zinanichosha kwa kukosa hilo tu: ngumi ni nyingi na hujui nani amesimama wapi.

Saa saba kasoro dakika kumi natoka nje. Ni Machi, jua linavuka ikweta, na Kisumu iko kusini yake kidogo sana. Saa ya Kenya inafuata longitudo 45 na sisi tuko karibu na 35, ndiyo maana jua letu linafika utosini saa sita ikiwa imeshapita. Mlingoti wa stima hauna kivuli. Mwenye bodaboda amekanyaga chake chote.

Hapa ndipo pigano linapokuwa gumu. Zimwi limesimama juu ya roho yake, nyayo mbili zimeifunika, na mtoto wa mjane yuko kwapani mwake. Kungoja vivuli virefu vya jioni ni kumpoteza mtoto. Nimezunguka na swali hilo wiki nzima, na jibu limekuja hapo barabarani, nikimtazama mtu akiinua mguu kupanda pikipiki: Otenga alale chini. Ajilaze makusudi, zimwi liinue mguu limkanyage. Mguu ukiinuka, kivuli kinafunguka chini yake.

Anakichoma. Mguu unashuka na mkono wa kulia wa Otenga uko pale pale.

Ugali na omena kwa haraka, kisha wino mpaka saa kumi na moja. Jua la utosini linaziba macho. Paji la uso linayatia weusi, kwa hiyo nimeyaziba ya Otenga kwa brashi, bila hata nukta nyeupe. Anatisha kuliko zimwi. Ardhi nimeiacha nyeupe kabisa, ili weusi wote wa ukurasa uwe ule ulio chini ya mguu.

Jioni mtoto wa dada yangu anapitia kurasa zilizokauka. Anarudi kwenye ule wa mkono mara mbili.

“Anko, toleo lijalo mkono utapona?”

“Hautapona.”

“Lakini wengine huwa wanapona.”

Ndiyo, na ndiyo maana siwaogopei. Kidonda kikipona kwa kufunua ukurasa, zimwi halikuwa na meno. Nataka msomaji auone mkono ule kila Otenga anapofunga kamba, anapokula, anapohesabu pesa zake.

Saa tatu usiku napitisha kurasa kwenye skana, nukta 600 kwa inchi, kwa sababu mstari mweusi mtupu ukichukuliwa chini ya hapo kingo zake hutoka na meno kwa mpiga chapa. Kisha nafungua daftari la toleo la pili na kuandika juu: mkuki mkono wa kushoto, na katika fremu tatu za kwanza anakosa shabaha.