Kinundu kigumu mbele ya sikio

Binti yangu alikuwa darasa la pili kilipomtokea kinundu mbele ya sikio la kushoto. Hakikumuuma. Kilikua polepole, ngozi juu yake ikaanza kuwa na usamawati, na ukikigusa unahisi changarawe.

Huku Kondele kila mtu ana dawa. Jirani alisema ni jipu, tulikande kwa maji moto liive. Kliniki ya mtaani ikatupa antibiotiki. Dozi ikaisha na kinundu kiko pale pale. Mama mkwe alitaka achanjwe na mzee wa miti shamba. Nikamwambia, "Mama, daktari wa ngozi amwone kwanza, kisha tutaongea." Mimi niliogopa saratani, ila neno hilo sikulitamka nyumbani.

Daktari wa rufaa alianza na vidole tu. Alibonyeza ukingo mmoja wa kinundu, ule wa pili ukainuka. Akanishika mkono nijaribu mwenyewe.

"Mama, hili si jipu. Jipu lingekuwa na moto na usaha. Naona ni pilomatriksoma, uvimbe unaoanzia kwenye kinyweleo, pale unywele unapoota. Umejijaza chokaa, ndiyo maana ni mgumu. Si saratani, lakini hautaisha wenyewe."

Nikauliza kama nimemrithisha. Akasema kwa kawaida haurithiwi, ni jeni iliyobadilika ndani ya seli za uvimbe wenyewe. Vingekuwa vingi, hapo angemchunguza kwa magonjwa mengine.

Tukakubaliana kitolewe. Upasuaji wenyewe ulikuwa mfupi. Kazi ilikuwa asubuhi ile, kumnyima chai mtoto anayeamka na njaa, maana nusukaputi haitaki tumbo lenye chakula. Nilisisitiza mambo mawili: kitolewe chote, kwa sababu kipande kikibaki kinaweza kuota tena, na kipelekwe maabara ya patholojia hata kama daktari ana hakika. Pesa ya maabara iliniuma, lakini macho ya daktari si darubini. Walinionyesha kabla ya kukifunga kwenye kichupa: kitu cheupe chenye umanjano, kinachomeguka kama chaki.

Majibu yalithibitisha ni pilomatriksoma. Nyuzi zimetoka, kovu ni mstari mwembamba. Mama mkwe hulipaka samli kila akija kututembelea, na hilo nimemwachia.