Nilivyoyazoea maswali ya Kiajemi kwa msaada wa "kwani"

Jioni moja bwenini katika mji wa Qazvin, Iran, Mwirani niliyekaa naye chumba kimoja aliniuliza, "Sham nemikhori?" Huli chakula cha usiku? Nilikuwa na njaa ya kutwa nzima. Nikajibu "na", nikimaanisha hapana, nakula. Akafunika sufuria ya wali na kukunja kitambaa cha kulia chakula.

Kwa Kiajemi, ukiulizwa kwa kukanusha kisha ukasema "na", umekubali kwamba huli. Nilipaswa kusema "chera". Neno hilo darasani nilifundishwa kuwa ni "kwa nini", lakini hapa kazi yake ni kulipinga lile kanusho: "Chera, mikhoram," nakula bwana! Nililirudia wiki nzima mpaka ulimi ukalizoea.

Kilichonisumbua zaidi ni "mage", ambalo vitabuni huandikwa "magar". Darasani tulipewa "aya", neno la kuanzia swali lisiloegemea upande, kama "je" yetu. Mitaani "aya" ni nadra. Siku moja mwenzangu akasema, "Mage nun nakharidi?" Nilidhani anauliza habari za mkate tu, nikajibu "chera" na kuendelea kusoma. Akabaki amesimama, ananitazama. Kumbe alikuwa ameamini tangu asubuhi kwamba nimenunua, na sasa anashangaa haoni kitu. Siku nyingine aliniona na kiberiti: "Mage sigar mikeshi?" Alijua fika kwamba sivuti sigara.

Ufunguo ulikuwa kinywani mwangu siku zote. Kwani hukununua mkate? Kwani wewe unavuta sigara? Ni "kwani" yetu hasa: muulizaji alishika jambo moja, macho yake yanamwonyesha jingine, naye anataka aelezwe. Tangu hapo sikujibu "mage" kwa neno moja. Mkate umo kabatini. Kiberiti ni cha jiko.

"Dige" ya mwishoni haikunipa taabu, "Miyay dige?" ni "Unakuja, siyo?", na anayeuliza anangoja ukubali tu.

Ninalolipenda kuliko yote ni "nakone". Usiku mmoja nilikaa kimya baada ya kuzungumza na nyumbani, akaniuliza taratibu, "Nakone narahat shodi, dadash?" (Dadash ni kaka, ingawa sikio letu husikia dada.) Isije ikawa umeudhika, kaka? Ni swali la mtu anayeogopa kwamba jibu litakuwa ndiyo. Nikamwambia, "Na, baba," wala, nimewakumbuka tu wa nyumbani. Akaenda kuchemsha chai.