Cub ya robo kipimo: nyaya kwanza, rangi baadaye

Piper J-3 Cub halisi, ndege ndogo ya watu wawili, ina mabawa ya mita 10.74 kutoka ncha hadi ncha. Gawa kwa nne: unapata mfano wa kurushwa kwa rimoti wa mita 2.69, eneo la bawa la karibu mita moja ya mraba, na uzito wa kilo 7 hadi 8 ikishakamilika. Kwa anayetoka kwenye vindege vya povu, hii ndiyo ndege kubwa ya kuanzia. Inatua polepole, na ina nafasi ya kutosha ndani ya kuingiza mkono. Ila kilo 7 zinazokuja na propela ya mbao ya inchi 19 zinaweza kuua mtu, na mara nyingi kinachoziangusha ni waya, plagi au nati iliyolegea.

Kazi ya mbao naipitia haraka. Ukinunua fremu iliyojengwa tayari, usiiamini gundi ya kiwandani. Ukuta wa mbele unaobeba injini uwe plaiwudi ya milimita 6. Ushike kwa epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) inayoganda kwa dakika 30, na kwenye kona za ndani ongeza vibanzi vya pembetatu. Ile epoksi ya dakika 5 ni ya kushikiza tu. Kisha paka ukuta wote epoksi nyepesi, hata ndani ya matundu ya bolti, maana mbao ikinywa petroli na oili hakuna gundi itakayoishika tena. Na zile fito mbili chini ya kila bawa zinabeba mzigo kweli kweli. Siku usiyozifunga, usiruke.

Injini ya petroli ya ujazo wa cc 30 hadi 35, ya mapigo mawili, inatosha kabisa. Ya cc 55 itaivuta wima kama roketi, ila hiyo siyo Cub tena. Ifunge kwa bolti za M5 (unene wa milimita 5) zenye vibati vipana vya duara (washa) nyuma ya ukuta, na gundi ya bluu ya kuzuia bolti isilegee kwenye kila bolti ya chuma. Propela ya mbao hubonyea kidogo ikishaanza kazi, kwa hiyo kaza bolti zake upya baada ya kuwasha mara ya kwanza, na tena baada ya kuruka mara ya kwanza.

Mipira ya mafuta iwe ile ya njano ya petroli. Mpira wa silikoni uliozoeleka kwenye injini za methanoli huvimba ukikutana na petroli, ukachomoka ndege ikiwa hewani. Tangi la mililita 500 linatosha. Kama karatasi ya injini inasema 30 kwa 1, lita moja ya petroli inapata mililita 33 za oili ya mapigo mawili. Pima kwa sirinji, usikisie kwa kifuniko cha chupa.

Kabureta ina skrubu mbili za kurekebisha mafuta: L ya mwendo mdogo na H ya mwendo mkubwa. Anza na mizunguko inayotajwa kwenye karatasi ya injini, mara nyingi kati ya mmoja na mmoja na nusu. Injini ikizimika unapofungua gesi (kiongeza mwendo) ghafla, L haitoi mafuta ya kutosha. Ikitoa moshi na kugugumia katikati, L imezidisha. Halafu inua pua juu, gesi yote wazi, kwa sekunde 20: sauti ikianza kushuka, ongeza H kidogo. Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, hivyo injini iliyorekebishwa Mombasa itakuwa na mafuta mengi kupita kiasi na nguvu pungufu. Rekebisha pale unapoirushia.

Kuna ugonjwa mmoja unaowasumbua wengi: injini inafanya vizuri chini, ikiruka inakosa mafuta. Mara nyingi ni kile kitundu kidogo kwenye kifuniko cha kabureta. Upepo ndani ya boneti unakisukuma na kuvuruga kiwambo kinachopima mafuta ndani yake. Unganisha kimrija kwenye kitundu hicho na ukipeleke ndani ya mwili wa ndege palipotulia.

Sasa umeme, ambako mimi ningemwaga pesa zote za rangi. Cub hii inahitaji servo (vimota vya kuongozea) sita: mbili za eleroni (vibao vya nyuma ya mabawa), mbili za eleveta (kibao cha mkiani cha kupandisha na kushusha pua), moja ya usukani wa mkia na moja ya gesi. Kwa zile tano za kuongozea chukua zenye nguvu ya kilo-sentimita 10 hadi 15 na gia za chuma. Zikivuta kwa pamoja, umeme unaohitajika ni ampea kadhaa. Betri dhaifu au swichi ya bei rahisi ikishusha volti hadi karibu 3.5, risiva (vipokezi vya mawimbi ya rimoti) nyingi hujizima na kuanza upya. Wewe utasema rimoti imekatika. Tumia betri mbili za LiFe (aina ya lithiamu) za volti 6.6, zenye ujazo wa mAh 2,000 au zaidi, kila moja na swichi yake na waya wake hadi kwenye risiva. Kila kiungio cha waya ndani ya bawa kifungwe kwa kibanio au uzi.

CDI, yaani kisanduku cha kuzalisha cheche, kiwe na betri yake na kikae angalau sentimita 30 mbali na risiva. Fimbo ya gesi iwe ya nailoni. Ya chuma hubeba kelele za cheche hadi kwenye servo. Weka pia swichi ya kuzima cheche kwa rimoti, na upange kwamba mawimbi yakipotea gesi inashuka na injini inazimika. Pima umbali ambao rimoti inafika ikiwa kwenye nguvu ndogo, injini ikiwa imezimwa kisha ikiwa inanguruma. Umbali ukipungua waziwazi, angalia kwanza kofia ya plagi ya cheche kama imekaa sawasawa.

Msawazo, yaani mahali ndege inapokaa sawa ukiishika, uwe sentimita 10 hadi 12 kutoka ukingo wa mbele wa bawa, tangi likiwa tupu. Pua ya Cub ni fupi, kwa hiyo kila gramu ya mkiani hudai karibu gramu tatu mbele. Sogeza betri hadi chini ya injini kabla ya kufikiria vipande vya risasi vya kuongeza uzito. Eleroni zipande milimita 25 na kushuka 12 tu, la sivyo pua itageukia upande usioutaka kila unapokata kona. Hata hivyo usukani wa mkia utauhitaji katika kila kona.